Fizikia ya Darasa la Kumi na Moja

Jumatatu ile mdogo wangu Linnea alirudi kutoka shuleni na karatasi kubwa ya manjano, akaitandaza juu ya meza ya jikoni kabla hata ya kuvua viatu vyake vya tope, na Mama hakumgombeza. Hapo nikajua jambo lenyewe si dogo. Karatasi ilikuwa na safu nne, moja kwa kila mwaka wa sekondari, kuanzia darasa la tisa hadi la kumi na mbili, na kila safu ilikuwa na visanduku vinane vya kuandika masomo. Linnea yuko darasa la nane, ana miaka kumi na minne, na alikuwa amekwisha kuchonga penseli tatu.

"Dada, keti," akaniambia. "Halafu hiyo kahawa yako iweke mbali na karatasi yangu."

Nikaketi. Jina langu Berit, nimemzidi Linnea miaka tisa. Kazi yangu ni kupima malori ya ngano kwenye maghala ya mji wetu, huku Dakota ya Kaskazini, na siichukii, ila sikuipanga. Nilipomaliza sekondari niliomba kusomea uhandisi katika chuo kikuu, wakanijibu kwa barua yenye adabu tele kwamba alama zangu ni nzuri sana, lakini sikusoma fizikia. Ni kweli sikuisoma, kwa sababu haikufundishwa. Shule yetu ni ndogo na mwalimu wa sayansi ni mmoja, kwa hiyo fizikia huwekwa mwaka mmoja na kurukwa mwaka unaofuata, tena kwa sharti kwamba wapatikane wanafunzi sita. Zamu ya darasa langu ilipofika, tuliambiwa hawakupatikana sita. Nikanuna kiangazi kizima, kisha nikaenda kupima malori.

Linnea anataka kusomea hali ya hewa. Alianza siku ile mvua ya mawe ilipovunja madirisha yote ya upande wa magharibi, sisi wengine tumejibanza chini ya ngazi, yeye anachungulia nje kuhesabu sekunde kati ya radi na radi. Tangu hapo ana kopo la kupimia mvua kwenye nguzo ya ua, na kila asubuhi anaandika daftarini, hata siku ambayo hakuna kitu cha kuandika. Chuo anachokitaka keshakichagua. Masharti yake keshayabandika ukutani, juu ya kitanda.

Alipogusa safu ya darasa la tisa kwa penseli, nilimshika mkono. Nikamwambia asianzie huko. Watu wote huanzia huko, wanajaza vitu vitamu vitamu, wakifika mwaka wa mwisho wanakuta mlango umefungwa na ufunguo ulikuwa miaka mitatu nyuma. Aanze na anachotaka chuo, kisha arudi kinyumenyume.

Basi tukaanza. Chuo kinataka kalkulasi, tukaiweka darasa la kumi na mbili. Kalkulasi haiendeki bila hesabu za maandalizi yake, tukaziweka la kumi na moja. Hizo nazo zinataka aljebra ya pili, la kumi. Kabla ya hapo jiometri, la tisa. Na jiometri inataka uwe umemaliza aljebra ya kwanza, ambayo Linnea anaisoma sasa hivi na anapata alama za juu. Tulipoona hesabu zote zimeshikana kutoka juu hadi chini bila pengo, Linnea aliruka akamkumbatia Mama, ambaye alikuwa anamenya viazi na hakujua amekumbatiwa kwa lipi. Tukaingiza kemia, biolojia, Kihispania miaka miwili, na bendi miaka yote minne maana tarumbeta lake hataki kuliacha. Mimi mwenyewe nilikuwa nimepandisha sauti. Nilijisikia kama ni mimi ninayeanza upya.

Mwisho kabisa akaandika FIZIKIA kwa herufi kubwa kwenye darasa la kumi na moja. Hakukuwa na pengine pa kuiweka. Huo ndio mwaka wa zamu yake, na akiukosa huo ameikosa moja kwa moja.

Saa kumi na mbili jioni tulikuwa bwaloni shuleni, wazazi na watoto wa darasa la nane. Darasa zima lina watoto kumi na mmoja. Mshauri wa masomo ni Bwana Petrakis, mtu wa Chicago, yuko nasi mwaka wa tisa sasa, mwema, mchapakazi, na hadi leo anavaa koti la mjini lisilozuia upepo. Alieleza karatasi ya manjano vizuri. Halafu akasema kuna jambo moja. Mwalimu wa sayansi anastaafu, bodi ya shule itaajiri mwingine, na haitahangaika kutafuta anayejua fizikia mpaka ione wanafunzi sita wa darasa hili wameiweka kwenye mpango wao. Karatasi zote zirudi Ijumaa saa kumi jioni, zikiwa na sahihi ya mzazi.

"Tuone basi," akasema. "Nani anaitaka fizikia? Inueni mikono."

Watu walitazama viatu vyao. Mkono wa Linnea ulianza kupanda, ukafika usawa wa sikio, na Mama akauchukua polepole akaurudisha mapajani, akamnong'oneza kwamba si vizuri kuwa wa kwanza. Niliona kwa macho yangu. Bwana Petrakis akahesabu mikono ambayo haikuwepo, akasikitika, akageukia ubao akapiga mstari juu ya neno fizikia.

Nilisimama, mimi ambaye si mzazi wala mwanafunzi, nikamuuliza kama huo mstari ni wa mwisho. Akasema hapana, wa mwisho ni Ijumaa. Nikamwambia basi angoje Ijumaa. Watu wote waligeuka kunitazama, na Mama akatafuta kitu ndani ya mkoba wake kwa muda mrefu sana.

Garini alinisema. Mama yangu, Marlys Haugrud, hapandishi sauti, anaishusha, na ikishuka sana ujue umeharibu. Aliuliza nina mpango gani. Nikamwambia nitapita nyumba kwa nyumba nimpatie Linnea watu watano. Akasema hajapata kuzaa mtoto wa kugonga milango ya watu kama muuza mafagio, na kwamba watu wangetaka kitu wangesema.

"Mama, sisi tulitaka. Tumesema?" Linnea akauliza kutoka kiti cha nyuma.

Tulipofika nyumbani Mama aliichukua karatasi ya manjano, akaiweka juu ya jokofu bila sahihi.

Jumanne nilipotoka kazini nilimpitia Linnea tukaenda kwa Arlys Tollefsrud. Ana mapacha katika darasa la Linnea, Kaia na Leif, na mwanawe mkubwa Gordon alisoma na mimi. Alitukaribisha mezani, akatoa vipande vya keki ya shayiri na birika la kahawa. Akauliza kama nitakunywa. Nikasema hapana, asijisumbue. Akasema kahawa ipo tayari. Nikasema nimetoka kunywa. Akasema basi hata kidogo tu. Nikasema haya, nusu kikombe, akakijaza mpaka ukingoni kama kawaida.

Tukazungumza habari za matope. Kisha nikamuuliza kama mapacha wangependa fizikia. Akasema aa, hapana, wao wasiwe sababu ya shule kuingia taabu. Nikashukuru, nikawa nainuka nimekata tamaa. Nikanyoosha mkono kumalizia ile kahawa, na mkono ukasimama hapohapo. Kahawa ile nilikuwa nimeikataa mara mbili. Nilikuwa naitaka tangu mlangoni.

Nikaketi tena. Nikamuuliza mara ya pili, kwa upole: si ingekuwa vizuri wakaisoma? Arlys akasema kuna watoto wengine wanaoihitaji zaidi. Nikamuuliza mara ya tatu.

"Basi kama nafasi ipo," akasema, "Kaia ataifurahia mno. Na Leif naye, si unajua anavyofungua redio za watu? Lakini msiseme ni sisi tuliodai."

Linnea alikuwa amekwisha kutoa penseli. Kaia na Leif waliitwa kutoka chumbani, wakaandika fizikia kwenye karatasi zao palepale, na Leif alipoandika alicheka peke yake kwa furaha. Nilitaka kuwabusu wote. Hapo ndipo Arlys aliponiambia, huku anatuongezea kahawa tusiyoiomba, kwamba anafurahi safari hii imewezekana, maana Gordon ilimuuma sana kuikosa.

Nikauliza: Gordon aliitaka?

"Aliitaka sana. Bwana Petrakis alipiga simu, akauliza mara moja tu. Nikamwambia asijisumbue kwa ajili yetu, nikangoja aulize tena. Akasema asante, akakata. Nikadhani nyinyi wengine mmekataa."

Miaka saba nilikuwa naamini hawakupatikana watu sita. Nikakumbuka simu ile ilipoingia kwetu. Mama aliipokea ukutani jikoni, akasema, "Aa, msijisumbue," akanitazama, na mimi nilisimama palepale na kiu yangu yote ya fizikia nikatikisa kichwa kwamba haina neno. Nami nilikuwa nangoja aulizwe tena. Mtu wa Chicago amekaa kwetu miaka tisa na anaamini hatunywi kahawa.

Garini nilipiga usukani kwa ngumi. Linnea akaniuliza kama nimekasirika au nimefurahi, nikamwambia vyote viwili, ashike daftari. Tukaorodhesha waliobaki. Wanane, ukiwatoa mapacha na yeye mwenyewe. Tulihitaji watatu.

Jumatano tulipita nyumba nne. Kwenye ya kwanza, mama wa mtoto alikataa mara tatu na ya tatu ilikuwa ya kweli; ukiwa wa huku unaisikia, inatoka kavu, na macho hayaendi kwenye birika. Tulimshukuru tukaondoka. Kwa akina Sandvold, bibi wa mtoto ndiye aliyetupokea, naye alikataa kwa niaba ya ukoo mzima, akatulisha lefse, zile chapati laini za viazi, zenye siagi na sukari, na nilipouliza mara ya tatu akasema mjukuu wake Solrun hazungumzi kingine ila nyota, aandikwe upesi kabla babake hajarudi akaanza adabu zake upya. Wa nne huyo. Nyumba ya tatu, mtoto mwenyewe hakutaka, anataka useremala, na nilimwelewa. Nyumba ya nne walituuliza nani mwingine ameingia, tukawatajia, wakasema kama hao wameingia basi wao wasiwe kizuizi. Nikauliza tena. Tena. Binti yao Maren akaandika jina la somo huku mamake anasema "lakini kwa penseli, eti, kwa penseli." Watano.

Tulirudi nyumbani tunaimba. Linnea alikuwa anapiga ngoma kwenye dashibodi. Mama alikuwa ametuwekea bakuli la viazi na nyama kwenye oveni, akatupakulia, hakuuliza kitu. Linnea akamweleza yote hata hivyo, nyumba kwa nyumba, nani alisema nini, na alipofika kwa Arlys na habari ya Gordon na ile simu, nilimkanyaga mguu chini ya meza lakini alikuwa ameshasema. Mama aliweka uma chini. Akainuka, akaenda kukunja nguo ambazo zilikuwa zimekunjwa.

Karatasi ilikuwa bado juu ya jokofu.

Alhamisi ilibaki siku moja na mtu mmoja, na wawili kati ya waliobaki walikuwa wameenda kuwaona ndugu zao Minnesota. Wa tatu tulimpata njiani, akatucheka, akasema fizikia ni ya wendawazimu. Akabaki Torsten Opdahl.

Verlyn Opdahl, babake, analima ardhi kubwa kuliko mtu yeyote upande wetu wa mto, na Torsten ni mwanawe wa pekee. Tuliwakuta kwenye banda la mashine, wamefungua kifua cha trekta, mikono yao imejaa grisi mpaka viwikoni. Verlyn alitusalimu vizuri. Nilianza safari yangu ya maswali matatu. La kwanza akasema hapana. La pili akasema hapana. Nikauliza la tatu, na Verlyn akaniangalia usoni akasema hapana, na ilikuwa kavu kama changarawe. Huyu, akasema, ana shamba linamngoja, fizikia ya nini?

Nikasema asante. Nikageuka, nikifikiria nitamwambiaje Linnea garini, namna ya kulisema lisimkate maini. Lakini Linnea hakuwa nyuma yangu. Alikuwa amesogea upande wa pili wa trekta, alikosimama Torsten ameshika spana.

"Sijamuuliza babako," akamwambia. "Nakuuliza wewe. Unaitaka?"

Torsten ni mrefu, mpole, darasa zima halijawahi kusikia sauti yake. Alimtazama babake, akatazama spana. Akasema wapo wengine.

"Najua wapo. Wewe unaitaka?"

Akasema hapendi kuleta usumbufu.

"Torsten," akasema Linnea, na sauti yake ilikuwa inatetemeka lakini haikushuka, "wewe unaitaka?"

"Ndiyo," akasema Torsten. "Naitaka kuliko kitu chochote hapo shuleni."

Verlyn aliinuka kutoka kwenye mashine. Nilidhani atafoka. Alimkodolea mwanawe macho kama anayemwona amekua ghafla mbele yake, akamwuliza mbona hakuwahi kumwambia.

"Hukuwahi kuniuliza, Baba."

Verlyn alifuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja, muda mrefu. Kisha akasema karatasi iko wapi, aletewe, ila wamletee na kalamu maana penseli hazipatani na grisi. Akatia sahihi pale pale juu ya boneti, na alama ya kidole gumba chake ikabaki pembeni, nyeusi. Linnea alitoka bandani kwa mwendo wa heshima hatua kama kumi, halafu akakimbia kuzunguka gari mara mbili anapiga kelele, ng'ombe wakageuka. Nami nikamfuata kukimbia. Nina miaka ishirini na mitatu, nakimbia kuzunguka gari kwenye uwanja wa Verlyn Opdahl, na sikuona haya hata chembe.

Ijumaa saa tisa na nusu karatasi ilikuwa bado juu ya jokofu bila sahihi.

Linnea alikuwa amevaa koti tayari. Hakulia, lakini alikuwa amesimama wima sana, vile anavyosimama akijizuia. Watano wengine walikuwa wamekwisha kurudisha karatasi zao asubuhi. Bila ya kwake walikuwa watano, na watano ni sawa na hakuna. Nilikuwa nimejiandaa kusema maneno ambayo nisingeweza kuyarudisha. Mama akaingia kutoka nje, amevaa gauni lake la kanisani chini ya koti, akachukua karatasi, akachukua funguo.

"Naendesha mimi," akasema.

Bwana Petrakis alikuwa ofisini peke yake na rundo la karatasi za manjano. Nilikuwa nimepita kwake mchana nikamweleza kila kitu, kahawa na yote, na alikuwa na uso wa mtu aliyetoka kuhesabu miaka tisa ya mistari aliyopiga ubaoni. Alisimama, akamvutia Mama kiti. Akamwambia zimefika tano, imebaki ya Linnea, na kwamba kama Mama anaona ni usumbufu wowote, yeye ataelewa. Maskini, ndiyo kwanza alikuwa anajifunza, na somo la adabu zetu alikuwa amelishika kinyume.

Mama aliketi. Kwa watu wengine kusema unataka kitu ni jambo dogo. Kwake ilikuwa kama kuvua nguo mbele ya kanisa.

"Si usumbufu," akasema. "Tunaitaka. Tuliitaka na zamani."

Akatia sahihi. Bwana Petrakis akaiweka karatasi juu ya zile tano, akazihesabu moja moja kwa sauti ingawa sote tulijua ni ngapi, akachukua simu akampigia mwenyekiti wa bodi tukiwa tumekaa palepale. Tulisikia upande wake tu. Ndiyo, sita. Ndiyo, zote zina sahihi. Ndiyo, mtafute anayejua fizikia. Linnea alikuwa ameziba mdomo kwa mikono miwili na mabega yanaruka. Bwana Petrakis alipoweka simu chini, Linnea alimkumbatia na koti lake la mjini, akatoka mbio kwenda kuwatafuta Kaia na Solrun na wenzao waliokuwa wanangoja kwenye uwanja wa michezo. Tulisikia kelele zao kupitia ukuta, kisha tarumbeta, maana alikuwa amelibeba.

Mimi na Mama tulikwenda kumngoja garini. Mama hakuwasha injini. Nilikuwa nimefurahi, na ndani ya ile furaha kulikuwa na kidonda, siwezi kusema uongo. Nilimwambia asante. Akatazama mbele, kwenye uwanja wenye madimbwi.

"Ile siku ya simu nilikuona ukitikisa kichwa," akasema. "Nilijua si kweli. Mimi ni mama yako, nilijua. Nikaona ni vema tukae kimya kama watu wengine. Nilikukosea, Berit."

Mama yangu hajawahi kuniomba radhi kwa jambo lolote, na mimi nilikuwa nimeandaa majibu ya ugomvi tu, ya hili sikuwa nayo. Nikasema hata mimi nilinyamaza.

"Ulikuwa mtoto." Akageuka akanitazama sawasawa. "Ulitaka kujenga nini? Najua uhandisi, lakini uhandisi wa nini? Sikukuuliza."

Hakuna aliyewahi kuniuliza. Miaka saba watu walinipa pole, wakanisifu kazi ya maghala, wakaniambia mizani yangu haidanganyi, na hakuna hata mmoja aliyeuliza.

"Madaraja," nikasema.

Kwa mbali Linnea alikuwa anakuja na wenzake watano, wamepangana mstari mmoja, wanacheka, Torsten nyuma yao hatua mbili.

"Lile la mto wetu limechoka," Mama akasema. "Na wewe hata ishirini na minne hujafika. Ngoja nirudi kabla Bwana Petrakis hajaondoka, nikamuulize mtu mzima anayetaka kusoma fizikia anaanzia wapi."

Akafungua mlango akashuka, akavuka uwanja kwa haraka na gauni lake la kanisani, akapita katikati ya watoto bila kusimama.